Kamusi: Nani Aliyeyakusanya Maneno Yetu?

Tulipoanza kisomo tulijifunza herufi, kisha silabi, kisha maneno. Tukaweza kuandika majina yetu. Leo tunasoma gazeti. Hiyo ni hatua kubwa, tusiidharau. Lakini liko jambo moja la kuangalia. Mtu anaweza kulisoma neno vizuri kabisa, asikosee hata herufi moja, na bado asijue linasema nini.

Tuchukue mfano. Mvuvi anataka kukopa fedha anunue mashine ya mtumbwi. Anamwendea jirani yake, anamwambia, "Ndugu yangu, nisaidie, tia saini hapa chini tu." Jirani anaitazama karatasi. Anasoma: m-dha-mi-ni. Mdhamini. Amesoma sawasawa. Lakini yeye anafikiri mdhamini ni shahidi, yaani mtu aliyemwona mwenzake akipokea fedha. Basi anatia saini. Baada ya miezi kadhaa mvuvi anashindwa kulipa. Wenye fedha wanakuja kubisha hodi kwa jirani.

Kumbe mdhamini si shahidi! Shahidi anasema, "Niliona." Mdhamini anasema, "Asipolipa yeye, nitalipa mimi." Hapo shamba la michikichi linaweza kwenda kwa sababu ya neno moja.

Basi leo tujifunze juu ya kitabu kinachotusaidia kujua maana ya maneno. Kitabu hicho ni kamusi. Tutaona kamusi ni nini, ni watu gani walioitengeneza, na inatengenezwaje. Halafu tutajifunza kuitumia. Mwisho tutaona kazi inayotungoja sisi wenyewe, watu wa Buzebazeba na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika.

KAMUSI NI NINI?

Kamusi ni kitabu kilichokusanya maneno ya lugha na kueleza maana zake. Maneno hayo yamepangwa kwa kufuata herufi, kuanzia A mpaka Z.

Neno lenyewe "kamusi" limetoka katika Kiarabu. Zamani maana yake ilikuwa bahari kuu. Alikuwapo mwanachuoni aliyeitwa al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415. Alitunga kitabu kikubwa cha maneno ya Kiarabu, akakipa jina la bahari. Kitabu kikapata sifa sana. Watu wakazoea, mpaka kila kitabu cha maneno kikaitwa kamusi.

Sisi tunaokaa kando ya maji tunaelewa kwa nini alichagua jina hilo. Ziwa huwezi kulimaliza kwa ndoo. Maneno ya watu nayo hayamaliziki kwa siku moja.

Huko Japani wana mfano mwingine. Mwaka 2011 mwandishi Shion Miura alitoa hadithi juu ya wafanyakazi wa ofisi moja wanaotengeneza kamusi. Mwaka 2013 hadithi hiyo ilifanywa sinema. Hakuna vita ndani yake, wala wizi. Ni watu wamekaa mezani wakibishana juu ya maana ya maneno, kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi inapokaribia kwenda mtamboni, wanagundua kwamba liko neno moja limeachwa. Basi wanarudi kuyakagua maneno yote upya. Katika hadithi hiyo kamusi inafananishwa na chombo cha kuvukia bahari ya maneno. Asiye na chombo atabaki ufukweni, akitazama tu ng'ambo.

Hadithi hiyo ni ya kutungwa, lakini kazi inayoelezwa ni ya kweli. Hata Kiswahili chetu kina watu waliokaa mezani hivyo.

WATU WALIOKUSANYA MANENO YA KISWAHILI

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Mwaka huohuo alifiwa na mke wake na mtoto. Hakuacha kazi. Alikuwa akiwasikiliza watu wa pwani, akiyaandika maneno yao pamoja na maana. Kamusi yake ilipigwa chapa London mwaka 1882. Yeye mwenyewe hakuiona, maana alifariki mwaka 1881.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alitengeneza kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa. Je, aliipataje lugha hiyo naye alikuwa akikaa karibu na Mombasa? Alimpata mtu aliyeitwa Salimini. Salimini alikuwa mwenyeji wa upande wa Nyasa. Alikamatwa, akauzwa utumwani, akafikishwa pwani. Salimini alikuwa akisema, Rebmann akiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1877, na Rebmann alikuwa amekwisha kufariki. Jalada lina jina la Rebmann. Lakini maneno yaliyomo yalitoka kinywani mwa Salimini.

Hapa tujifunze jambo. Anayeandika kamusi ni mmoja au wachache. Wanaotoa maneno ni watu wote. Wavuvi, wakulima, mafundi, wakunga, wapishi na wazee wa baraza, hao ndio wenye maneno. Mwandishi huwasikiliza tu.

Baadaye Kiswahili kilianza kutumika katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Likazuka swali: tuandike Kiswahili cha wapi? Cha Mombasa, cha Lamu, au cha Unguja? Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha. Katibu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Frederick Johnson.

Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935. Kisha akaingia katika kazi kubwa zaidi, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza. Alifariki mwaka 1937, kabla kazi haijatoka. Wenzake waliimaliza, ikapigwa chapa mwaka 1939.

Kamusi ile ya 1939 ilikuwa kubwa na nzuri. Walimu na maofisa waliitumia miaka mingi. Lakini ilikuwa na shida moja kwa mwananchi wa kawaida. Neno lilikuwa la Kiswahili, maana yake imeandikwa kwa Kiingereza. Yaani mkulima wa Kiswahili, akitaka kujua maana ya neno la Kiswahili, ilimbidi kwanza ajue Kiingereza! Ni kama kumwambia mtu mwenye kiu aende kwanza ng'ambo ya ziwa kuomba kata ya kuchotea maji.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1964 kazi ya ile kamati iliwekwa chini ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Ndipo ikakua Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kwa kifupi TUKI. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma katika miaka ile, chini ya miembe na katika madarasa ya jioni.

Na mwaka 1981 TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Neno kwa Kiswahili, maana kwa Kiswahili. Wataalamu wa TUKI walikuwa wameifanyia kazi miaka mingi. Toleo la pili lilitoka mwaka 2004. Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu, ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Wenzetu wa Zanzibar, kwa kupitia BAKIZA, walitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. BAKITA nayo ilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015.

Mbona zinatoka mpya kila mara? Kwa sababu watu hawaachi kusema. Mambo mapya huja na majina yake. Mwaka 1981 hakuna mvuvi wa Ujiji aliyekuwa na simu ya mkononi.

KAMUSI INATENGENEZWAJE?

Kazi hii ina hatua zake, kama kazi ya kukamua mawese. Ukiruka hatua moja, mafuta hayatoki.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Watu husoma vitabu na magazeti, husikiliza mazungumzo, huuliza wazee na mafundi. Zamani, kabla ya kompyuta, kila neno liliandikwa kwenye kipande chake cha karatasi au kadi, pamoja na sentensi iliyotumia neno hilo.

Hatua ya pili ni kupanga. Kadi huwekwa kwa utaratibu wa herufi. Kazi hii inataka uangalifu sana. Huko Uingereza, James Murray na wenzake walitengeneza kamusi kubwa ya Kiingereza. Watu wa kujitolea waliwapelekea karatasi za maneno kwa posta, mamilioni ya karatasi. Hata hivyo karatasi za neno moja zilipotea, na neno likakosekana kitabuni. Neno hilo lilikuwa na maana ya mjakazi, yaani mtumwa wa kike. Liliingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Kazi yenyewe walidhani itachukua miaka kumi. Baada ya miaka mitano walikuwa bado wako kwenye herufi A. Ilikwisha mwaka 1928, na Murray alikuwa amefariki tangu mwaka 1915.

Hatua ya tatu ni kueleza maana. Hapa ndipo penye ubishi. Hebu tujaribu sisi. Mgebuka ni nini? Mmoja atasema, "Mgebuka ni samaki." Kweli, lakini dagaa naye ni samaki. Mwingine atasema, "Ni samaki mtamu wa ziwani." Hata kuhe ni mtamu na ni wa ziwani. Wa tatu atasema, "Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, mrefu mwembamba, ana rangi ya fedha, hula dagaa." Hapo sasa! Mtu wa Mtwara ambaye hajafika Kigoma anaanza kumwona. Maana nzuri ni ile inayomwezesha asiyekijua kitu akitambue, asikichanganye na kingine.

Hatua ya nne ni kukagua. Kila neno hupitiwa tena na tena na watu zaidi ya mmoja. Ndipo kitabu hupelekwa mtamboni.

TUITUMIEJE KAMUSI?

Kwanza, fuata herufi. Neno linaloanza na B liko mbele ya linaloanza na D. Kama herufi ya kwanza inafanana, tazama ya pili. Kama ya pili inafanana, tazama ya tatu. Kwa hiyo dagaa hutangulia dawa, kwa sababu G iko mbele ya W. Maneno haya nayo yamepangwa sawasawa: mdhamini, mgebuka, mkopo, mwalo.

Pili, jina la kitu litafute katika umoja. Ukikutana na neno "wadhamini", usitafute penye W. Tafuta mdhamini, penye M. Ukikutana na "macho", tafuta jicho.

Tatu, neno la kutenda livue nguo zake. "Hatukumdhamini" ni neno refu. Toa "ha", toa "tu", toa "ku", toa "m". Linabaki "dhamini". Hilo ndilo utakalolikuta, penye D.

Nne, usikimbilie maana ya kwanza. Neno moja linaweza kuwa na maana nyingi. Tazama neno "paa". Paa la nyumba. Paa wa porini. Ndege kupaa angani. Na mama kule mwaloni anapaa samaki, yaani anamtoa magamba. Kamusi huyatenga maneno ya namna hiyo kwa namba. Soma zote, kisha rudi kwenye sentensi yako uone ni ipi inayokaa.

Tano, usiogope herufi za mkato. "Nm" ni nomino, yaani jina. "Kt" ni kitenzi, yaani neno la kutenda. Mwanzoni mwa kamusi kuna ukurasa unaoeleza mikato yote. Anza na ukurasa huo.

Je, kamusi tutaipata wapi? Bei yake si ndogo kwa mtu mmoja. Lakini kikundi cha kujisomea kinaweza kuchanga na kununua moja, ikatunzwa na mwenyekiti. Tena shule ya msingi iliyo karibu inaweza kuwa nayo. Muulize mwalimu kwa adabu, au afisa elimu kata. Na vijana wengine siku hizi wanazo kamusi kwenye simu. Usione haya kumwambia mwanao, "Hebu nitafutie maana ya neno hili."

Na kama huna kamusi, na karatasi ya mkopo iko mbele yako? Usitie saini siku hiyo. Nakili neno usilolijua, nenda kauliza maana yake kwanza. Anayekuharakisha utie saini kabla hujaelewa hakutakii mema.

MANENO YETU WA HUKU ZIWANI

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la leo.

Wako wanaodhani kwamba Kiswahili ni cha pwani peke yake, na sisi wa bara ni wageni ndani yake. Si kweli. Kiswahili kilifika Ujiji na misafara ya biashara zaidi ya miaka 150 iliyopita, kikakaa, kikazaa watoto hapa. Tena Kiswahili sanifu chenyewe kimechukua maneno ya bara. Neno "ikulu", nyumba ya Rais, limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kwao lilikuwa makao ya mtemi. Neno "ngeli", ambalo walimu hulitumia kwa makundi ya majina, limetoka katika Kihaya. Maneno haya hayakuingia yenyewe. Kuna mtu aliyasema, na kuna mtu aliyeyaandika.

Basi tujiulize: maneno yetu sisi yataandikwa na nani? Kuna majina ya samaki wetu. Kuna majina ya pepo za ziwani, ambazo mvuvi asipozijua hufa maji. Kuna maneno ya kazi ya michikichi. Mtu wa mbali anaweza kujua mawese, mafuta mekundu ya nyama ya ngazi. Lakini je, anajua mise, ile kokwa ya ndani inayotoa mafuta mengine?

Kuna pia "lusenga". Huo ni wavu wa mfuko wenye mpini, ambao wazee walichotea dagaa usiku kwa mwanga wa moto. Siku hizi uvuvi ni wa nyavu kubwa na taa. Kifaa kikiondoka, jina lake hubaki kwa wazee tu. Mzee akifariki, linaondoka naye. Hata mtaalamu aje na kalamu yake, hatamkuta wa kumsikiliza.

Salimini alikuwa mtumwa, hakuwa na kalamu. Ilimbidi mwingine aandike, na jina la mwingine likae juu ya kitabu. Sisi tuna kalamu. Hatuna sababu ya kungoja.

KAZI YA KIKUNDI

1. Nunueni daftari moja la kikundi. Kila ukurasa uwe na herufi yake.

2. Kila mwanakikundi alete maneno matano ya kazi yake: uvuvi, michikichi, ufinyanzi, upishi, useremala. Muulizeni mzee mmoja kwa kila kazi.

3. Kwa kila neno andikeni mambo matano: neno lenyewe, umoja na wingi wake, maana yake, sentensi moja inayolitumia, na mahali linapotumika, kwa mfano Ujiji, Kibirizi au Buzebazeba. Kama neno ni la Kiha, andikeni hivyo.

4. Someni maana kwa sauti. Mwingine aseme kama inatosha, au kama inaweza kuchanganywa na kitu kingine. Bishaneni bila kugombana.

5. Mkiwa na maneno mengi, andikeni nakala safi, mkaipeleke BAKITA. Daftari lenyewe libaki kikundini kwa faida ya watoto wenu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dhamana: ahadi au kitu kinachotolewa ili kuhakikisha kwamba deni litalipwa.
Jalada: karatasi ngumu ya nje ya kitabu.
Mdhamini: mtu anayekubali kulipa deni la mwenzake, mwenzake akishindwa.
Rehani: mali inayowekwa kwa mwenye fedha mpaka deni limalizike kulipwa.
Toleo: kitabu kama kilivyotoka mara fulani, kikirekebishwa na kutoka tena, hilo ni toleo jingine.

Umeona? Maneno haya tumeyapanga kama kamusi: D, J, M, R, T.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kuna tofauti gani kati ya shahidi na mdhamini?
2. Kwa nini kamusi ya mwaka 1939 ilikuwa ngumu kwa mkulima, na ile ya mwaka 1981 ikawa rahisi zaidi?
3. Salimini alifanya kazi gani katika kamusi ya Rebmann? Je, naye ni mtunzi? Toeni sababu.
4. Elezeni maana ya neno "mchikichi" kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mti huo.
5. Ni maneno gani ya wazee wenu ambayo watoto wenu hawayajui tena?

Ndugu msomaji, usilikunje gazeti hili ukaliweka. Leo jioni mwendee mzee mmoja wa jirani. Muulize neno moja tu la kazi yake ya zamani, uliandike.